Kibao cha Matanga

Tamasha lilifunga barabara kuu ya mji kwa siku tatu, na magari yote, pamoja na matrekta ya miwa, yakaelekezwa kwenye njia yetu nyembamba. Wakazi tulilalamika kwa utaratibu: kikao kikaitwa. Mzee Osiako alieleza kwa uchungu kwamba ng'ombe wake amegoma kutoa maziwa. Ofisa akatusihi tuvumilie, kisha akaondoka na vumbi letu.

Hakuna aliyemtaja mtoto wa dada yangu Gentrix. Alizaliwa kabla ya wakati. Kila akianza kunyonya, honi inalia, anashtuka, anaachia titi. Muuguzi alikuwa ameonya: asipoongeza uzito kufikia Jumatatu, atarudishwa wodini. Gentrix hakuwa akisema na mtu tena.

Mimi, mwanafunzi wa kidato cha tatu niliyekuja likizo fupi, mwenye faili la nidhamu ambalo mwalimu mkuu hulisoma akiwa ameketi, nilichukua ubao na rangi. Nikaandika: KUNA MATANGA. USIPIGE HONI. Nikausimika langoni, ukitazama barabara.

Matatu ya kwanza ilizima muziki. Bodaboda zikapita kwa adabu ya watoto wa komunyo. Mtoto akanyonya dakika kumi mfululizo.

Nilichosahau ni kwamba hapa Kakamega matanga hayapitwi hivi hivi. Dereva mmoja wa trekta, Lusweti, aliegesha, akavua kofia, akaingia uani na kilo mbili za sukari. Nyuma yake walikuja wanawake wawili na kuku, tayari wanalia.

Kukhu, nyanya yetu, akatoka jikoni. "Nani amekufa?"

"Si sisi ndio tunauliza, mama," Lusweti akasema.

Kukhu akakiona kibao. Kisha akaniona mimi.

"Nyumba iko na mtoto mchanga, na wewe unaita kifo mlangoni?"

"Nilitaka tu anyonye, Kukhu."

Akakivunja kwa goti. Hapohapo honi ikalia barabarani, na ndani kikaanza kile kilio chembamba. Wageni wote wakageukia mlango.

"Ndiye huyo?" Lusweti akauliza.

"Ndiye."

"Ako na kilo ngapi?"

"Moja na gramu mia nane."

Akaipima sukari mkononi. "Hii imemzidi."

Nilianza kuomba msamaha. "Mwombe huyo marehemu wako," Kukhu akanikatiza. Mmoja wa wanawake alifuta machozi, akanikabidhi kuku. "Ingokho hairudi nyumbani. Chinja, mzazi anywe supu."

Lusweti alitembea hadi njia panda, akasimama pale magari yanapogeuzwa, akawa anainama kwenye kila dirisha. Sijui aliwaambia nini. Matatu iliyofuata ilikuja polepole, makanga akitembea mbele yake kwa miguu, kidole mdomoni. Kisha nyingine. Trekta moja ilizimwa juu ya mteremko, ikashuka bila mngurumo.

Nilichungulia chumbani, kuku kwapani.

"Ananyonya," Gentrix akasema. Alikuwa anatabasamu, machozi yakimshuka. "Mtoe huyo kuku kabla hajawika."

"Ni tetea."

"Cindy. Toka."

Nikatoka kwa vidole vya miguu.