Gari Lililomgomea Mtu Mmoja

Mara ya kwanza gari lilipomgomea, mshona mapazia alikuwa katikati ya kilima kinachopanda kwenye nyumba za ghorofa, na kiti cha nyuma kimejaa mapazia ya madirisha sita, yamepigwa pasi na kukunjwa. Alikanyaga mafuta. Injini ikaguna, lakini gari, badala ya kushusha gia lenyewe kama ilivyo desturi ya magari ya otomatiki, likaanza kujivuta kama mtu anayepanda ngazi na gunia kichwani. Kwenye dashibodi ikawaka taa ya njano ambayo hajawahi kuiona. Nyuma yake honi zikaanza kumsalimia.

Akajikongoja hivyo hivyo mpaka juu, akaegesha, akazima. Alipotulia akawasha tena. Taa haipo. Gari likaondoka kwa adabu zake zote, kana kwamba si lenyewe lililotaka kumuaibisha sasa hivi.

Lingekuwa gari lake angenyamaza. Lakini lilikuwa la wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, muuguzi aliyekaa mlango wa pili katika ua uleule. Asubuhi muuguzi alikwenda nalo kazini, alasiri akamwachia mshona mapazia apelekee kazi za wateja. Na hata udereva wenyewe, wifi ndiye aliyemfundisha, mwanafunzi akiwa tayari na miaka arobaini na moja, Jumapili baada ya Jumapili kwenye uwanja mtupu, bila kumkemea hata mara moja. Kwa hiyo jioni ile alikwenda kusema mwenyewe.

"Wifi, gari leo limenifanyia vituko."

Muuguzi alisikiliza mpaka mwisho, akachukua funguo, akazunguka mtaa. Baada ya dakika kumi akarudi anacheka.

"Gari ni zima kabisa. Labda uliacha gia kwenye namba mbili."

"Sikuiacha, wifi."

"Haya. Basi limekutania."

Siku nne baadaye likamtania tena, safari hii kwenye mzunguko wenye magari ya pande zote. Wiki iliyofuata likamfanyia hivyo mara mbili. Walilipeleka kwenye gereji ya jirani. Fundi akalizungusha, lisigome. Hata hivyo akatikisa kichwa kama mganga aliyeona mengi. "Giaboksi hii inaelekea kufa, mama. Tafuteni nyingine mapema." Muuguzi hakutaka kusikia habari ya giaboksi nyingine kwa gari linalotembea vizuri. Akabadilisha mafuta yake tu, na kwa wiki mbili, mvua ikinyesha karibu kila siku, gari likatulia. Mshona mapazia akaanza kusahau.

Jua liliporudi, lilimgomea mara tatu ndani ya siku tano.

Baada ya mara ya tatu alimkuta muuguzi uani anaanua nguo. Alipoanza tu kusema, mwenzake akaweka nguo begani.

"Wifi, mimi gari hili nina mwaka wa sita nalo. Halijanigomea hata siku moja. Sasa niambie wewe, mgonjwa ni gari au ni dereva?"

Hakulisema kwa ukali. Lingesemwa kwa ukali lingejibiwa. Mshona mapazia alitoa funguo mfukoni, akaziweka juu ya beseni la nguo, akaingia ndani.

Tangu siku hiyo alibeba mapazia kwa teksi, na wakati mwingine kwa mkokoteni, amefuatana nayo kwa miguu kulinda vitambaa visiburuzike. Na mawifi waliendelea kusalimiana, "Umeamkaje," "Salama," lakini salamu zenyewe zilikuwa kavu kama mkate wa juzi. Kilichomuuma zaidi ni kwamba alianza kuamini. Usiku akilala, mguu wake wa kulia ulijikanyaga wenyewe chini ya shuka, ukitafuta ulipokosea.

Mumewe, fundi saa, alikataa kuingia katikati. "Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi," alisema. "Na mimi ndiyo nyasi yenyewe. Msinikanyage." Lakini jioni moja, lenzi yake ikiwa bado jichoni, akasema jambo lililomkaa mkewe kichwani. "Kuna saa ikiwa mezani kwangu inatembea, ikivaliwa inasimama. Mwanzoni nilikuwa nawaona wateja waongo. Siku hizi nawauliza: unaivaa wapi, saa ngapi, ukifanya nini?"

Mshona mapazia akalifuata daftari lake la oda. Humo huandika nani kapelekewa nini, lini na saa ngapi, kwa sababu wateja wa mapazia ni wepesi wa kusema umechelewa. Akatia alama ya kalamu nyekundu kila siku gari lilipogoma. Alama zote zikaangukia safari za mbali, zaidi ya nusu saa, jua la alasiri likiwa bado kali. Siku za mvua hakuna hata moja. Safari ya karibu hakuna hata moja. Naye muuguzi huondoka alfajiri, umande bado uko kwenye kioo, na mpaka hospitali ni robo saa.

Kesho yake alichukua daftari akaenda kwa fundi umeme wa magari waliyemwita Taratibu, mzee mfupi aliyeongea kana kwamba kila neno analitoa kwenye boksi. Taratibu alilisoma daftari ukurasa baada ya ukurasa.

"Umeandika vizuri," alisema. "Wengi huniambia tu gari bovu. Mlete mwenye gari."

Kumleta ndiyo ilikuwa kazi. Alimwomba mumewe aseme, mumewe akajigeuza nyasi. Mwishowe akagonga mlango wa pili mwenyewe.

"Wifi, nakuomba saa moja tu. Likionekana zima, sitalitaja tena gari lako mpaka nakufa."

Muuguzi alikuwa ametoka zamu ya usiku, macho mazito. Akachukua funguo. "Twende," akasema.

Pale gereji Taratibu aliinua gari kwenye stendi za chuma, magurudumu ya mbele yakaning'inia. Akamwambia muuguzi akae kwenye usukani, atie gia, akanyage mafuta kidogo kidogo. Magurudumu yakazunguka hewani. Injini ikapanda sauti, ikashuka, ikapanda, ikashuka. Kila ikishuka gia imebadilika.

"Si unaona?" muuguzi akasema kupitia dirishani. "Gari ni zima."

Taratibu alikuwa amekwenda saluni ya jirani, akarudi na mashine ya kukaushia nywele. Akafungua boneti, akaonyesha kisanduku cha bati kama kitabu kidogo, kimefungwa pembeni ya injini. "Hii ndiyo kompyuta ya gia. Hii huiambia giaboksi lini ipande, lini ishuke." Akawasha mashine, akakipulizia kisanduku hewa ya moto.

Dakika ya kwanza, ya pili, ya tano. Mshona mapazia alisimama kando, mikono ameifumbata, akihesabu pumzi zake. Ya sita, ya saba. Akaanza kujuta kumtoa mtu kitandani.

Ghafla gari likashtuka juu ya stendi. Taa ya njano ikawaka. Muuguzi akakanyaga mafuta. Injini ikalia na kulia, gia isibadilike. Akaiachia, akakanyaga tena. Vilevile.

"Usizime, mama," Taratibu akasema. "Iangalie vizuri. Kompyuta ikichanganyikiwa inashika gia moja tu, ikufikishe nyumbani bila kuunguza giaboksi. Ikipoa, inapona, na hakuna anayekuamini."

Muuguzi akakanyaga mafuta mara nyingine, polepole, jicho kwenye ile taa.

Taratibu alikifungua kisanduku, akawaonyesha kwa lenzi ufa mwembamba kuliko unywele, mahali waya ulipolehemiwa. Moto ukizidi, ufa unafunguka. Akalehemu upya, akakirudisha, akakipulizia nusu saa nzima. Gia zilipanda na kushuka bila neno.

Walipotoka nje, muuguzi alizunguka akaenda kwenye mlango wa abiria.

"Endesha wewe."

"Wifi, umechoka, lakini gari lako..."

"Endesha, nimesema." Akafunga mkanda. Walipofika barabara kuu ndipo akaongea, macho mbele. "Wagonjwa wakiniambia inauma usiku tu, ninaandika kwenye faili. Sijawahi kuwaambia ni waongo. Wewe nimekwambia. Nisamehe, wifi yangu."

"Yameisha."

"Hayajaisha. Nitakubebea mapazia kwa mkokoteni mwezi mzima."

"Utayaburuza tu."

Wakacheka, mmoja akamchochea mwenzake. Mbele palikuwa na foleni, na jua kali juu ya bati la gari. Alipogeuka kumwambia jambo, muuguzi alikuwa amelala, kinywa wazi, kichwa kinagonga kioo kila gari likisogea.

Mshona mapazia alipunguza mwendo, akaanza kuyakwepa mashimo, moja moja.