Ng'ombe wa Kimali

Saa tatu asubuhi, Jumatatu ya tarehe 1 Julai 1996, Kasmiri Nyanda aliweka barua ya kuacha kazi juu ya meza ya katibu wa chama cha ushirika mjini Bariadi. Katibu aliisoma mara mbili. Msimu wa pamba ulikuwa ndiyo kwanza umeanza, na Kasmiri alikuwa karani wa mizani kwa miaka kumi na moja. Akamwuliza Kasmiri kama amepata kazi kwa wanunuzi binafsi. Kasmiri akasema hapana, anarudi shule.

Hakuwa mjinga. Tangu biashara ya pamba ifunguliwe, kampuni mbili zilikuwa zimeweka mizani zao hatua mia mbili kutoka ghala la ushirika, zikilipa fedha mkononi, wakati ushirika ukiwapa wakulima stakabadhi na ahadi. Foleni ilikuwa imehama. Kasmiri aliona kwamba mtu mwenye cheti cha kidato cha nne na ujuzi wa kusoma mizani atakuwa wa kwanza kupunguzwa. Chuo kimoja Mwanza kilikuwa kimemkubali kwa stashahada ya uhasibu, miaka miwili. Ada ya mwaka wa kwanza ilitakiwa kabla ya tarehe 16 Septemba. Atakayechelewa, nafasi yake anapewa mwingine. Wapakiaji pale ghalani walimcheka kwamba mzee mzima anakwenda kubeba daftari, wakamuuliza kama amenunua na kaptula. Alicheka nao.

Ada aliijua itakapotoka. Kimali, wilaya ya Meatu, alikuwa na ng'ombe saba kwa mtu aitwaye Ndaki. Aliwanunua mmoja mmoja tangu mwaka 1988 na kuwabilisa, kama wanavyofanya watu wa huku: unampa mtu ng'ombe awachunge, yeye anapata maziwa na samadi, ng'ombe wanabaki wako. Mwenye akili huwawekea alama yake masikioni na kuita shahidi. Kasmiri alimwita shahidi mmoja, mjomba wake, ambaye sasa ni marehemu. Alama hakuweka. Aliacha Ndaki awachanje alama ya zizi lake, kwa sababu wakati ule ndoa yake ilikuwa inayumba na hakutaka ng'ombe wanaotambulika.

Ndoa ilivunjika mwaka 1993. Ng'ombe wa Kimali hawakutajwa siku mahakama ilipogawa mali. Mtoto wao, Wilhelmina, ambaye wote walimwita Mina, alibaki kwa mama yake, Eufrasia, na mahakama ya mwanzo ikaamuru Kasmiri atoe shilingi elfu sita kila mwezi. Ushirika ulizikata kwenye mshahara kabla hajauona. Kwa miaka mitatu matunzo ya Mina yalikuwa jambo lililofanyika lenyewe, kama kodi. Barua ya tarehe 1 Julai ilikata mshahara, na mshahara ulipokatika, matunzo nayo yakakatika.

Eufrasia aliuza dagaa sokoni. Alisubiri mwisho wa Julai, akaenda kwa mhasibu wa ushirika, akaambiwa mtu huyo si mfanyakazi tena. Siku iliyofuata alifungua shauri.

Lilisikilizwa Alhamisi, tarehe 15 Agosti. Kasmiri aliomba apunguziwe hadi amalize masomo. Alizungumza vizuri, alikuwa amejiandaa. Alieleza kwamba karani hana mustakabali, kwamba mhasibu atalipa mara tatu ya kiasi hiki, kwamba miaka miwili si mingi katika maisha ya mtoto wa miaka kumi. Aliyaamini yote hayo, na mengi yalikuwa sahihi.

Hakimu alimwambia kuwa kuacha kazi ni hiari yake, na si mtoto aliyemwachisha. Asiye na mshahara anaweza kuwa na mali, na mali nayo hutunza mtoto. Kisha akamgeukia Eufrasia, akamwuliza ana la kusema.

"Mheshimiwa, sina ugomvi na shule," Eufrasia alisema. "Asome. Lakini na Mina anasoma. Wamemrudisha nyumbani mara mbili kwa michango, na viatu vyake vimekwisha. Na huyu bwana ana ng'ombe Kimali. Sijui wangapi, ila wapo."

Pembeni ya hakimu alikaa Mboje, mzee wa baraza, mfugaji, mtu asiyezungumza sana. Alimgeukia Kasmiri.

"Umeapa kwa Biblia, kijana," alisema. "Nakuuliza polepole. Una ng'ombe kwako, au uliowabilisa kwa mtu?"

Kasmiri alipiga hesabu haraka. Akikiri, wawili watatu watauzwa kwa ajili ya Mina, na watakaobaki hawatatosha ada. Akikana, nani atathibitisha? Mjomba amekufa. Alama ni ya Ndaki. Na Ndaki, kama mbilisiwa yeyote, hawezi kumtaja mwenye ng'ombe kwa mtu wa serikali. Angefanya hivyo hakuna ambaye angempa tena hata ndama.

"Sina ng'ombe hata mmoja," alijibu. "Si kwangu, wala kwa mtu yeyote."

"Kwa mtu yeyote," Mboje alirudia. "Mheshimiwa, naomba iandikwe hivyo hivyo."

Hakimu aliandika. Matunzo yalishushwa hadi shilingi elfu moja kwa mwezi mpaka Kasmiri atakapomaliza chuo, kwa kuwa hakuna kilichothibitishwa zaidi. Eufrasia alikwenda dirisha la masjala, akalipia nakala ya hukumu.

Jumanne, tarehe 3 Septemba, Kasmiri alifika Kimali kabla jua halijawa kali. Ng'ombe walikuwa bado zizini. Aliwatambua wote saba, na ndama watatu ambao hakuwa amewaona. Ndaki alimpokea vizuri, akampa kiti na maziwa, akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, ngosha."

"Mwangaluka. Nimekuja kuwachukua, Ndaki. Shida ya shule, nilikuambia."

Ndaki aliinama, akatoa mwiba kwenye kandambili yake. Alimaliza kwanza kazi hiyo.

"Mama Mina alikuwa hapa juzi Jumapili, kaulizia zizi hadi zizi," alisema. "Alikuja na karatasi ya mahakama, ina muhuri, anionyeshe mtoto kapunguziwa matunzo. Binti yangu akanisomea. Imeandikwa huna ng'ombe kwa mtu yeyote."

"Yale ni maneno ya mahakamani."

"Uliapa?"

Kasmiri aliyaweka maziwa chini.

"Mimi sikukusemea vibaya," Ndaki aliendelea. "Nimekaa na hawa miaka minane, hakuna aliyejua. Mtu akiuliza, nasema wangu. Sasa wewe mwenyewe umewaambia serikali si wako. Wa nani basi?"

"Wewe unajua ni wa nani."

"Najua. Nenda kaite mahakama ije iniulize, nami nitasema kweli yote. Nitasema ni wa Kasmiri. Halafu watakuuliza wewe ile Biblia uliishika ya nini."

Kasmiri alimwambia kwamba huo ni wizi. Ndaki alikubali kwamba unafanana na wizi. Hakupandisha sauti. Kasmiri alipouliza Eufrasia alitaka nini, Ndaki alitazama zizi kabla ya kujibu.

"Mtamba mmoja, kwa ajili ya mtoto. Alipiga magoti. Nikamwambia, mayu, mama yangu, kama baba yake hana ng'ombe hapa, mtoto anadai nini kwangu?"

Kasmiri aliondoka Kimali na kamba alizokuja nazo.

Tarehe 9 Septemba alirudi kwa katibu wa ushirika, akaomba barua yake ihesabiwe kuwa haijaandikwa. Katibu alimwonyesha ghala: mizani moja ilikuwa imefunikwa turubai, na makarani wengine wawili walikuwa wamepewa barua ambazo hawakuziomba. Tarehe 16 ilipita. Nafasi ya chuo alipewa mwingine. Mwezi huo huo Mina alirudishwa nyumbani mara ya tatu, na hadi shule ilipofungwa mwishoni mwa muhula alikuwa akimsaidia mama yake kupima dagaa kwa kopo.

Jumatatu, tarehe 2 Desemba, Kasmiri aliitwa mahakamani kwa kutolipa shilingi elfu moja ya Septemba, ya Oktoba na ya Novemba. Eufrasia alikaa benchi la nyuma na mtoto. Mboje aliomba ruhusa ya hakimu, akamwuliza Kasmiri swali lile lile, polepole vile vile.

Kasmiri aliishika Biblia. Alisema hana ng'ombe hata mmoja, si kwake, wala kwa mtu yeyote.

Hakimu aliandika.