Wasifu wa Mama

Katika kanisa moja la kijijini karibu na Chidya, Erasto ndiye aliyeandika wasifu wa kila marehemu, ule unaosomwa kabla ya mwili kwenda makaburini. Zamani alikaa mkekani na wafiwa, akawauliza mpaka wakacheka katikati ya kilio. Kisha akapata akili mnemba kwenye simu. Uvivu nao mtamu, jamani! Akawa anauliza jina, mwaka wa kuzaliwa na idadi ya watoto tu. Mengine simu ikamalizia, na watu wakamsifu.

Juzi akafa mama yake mwenyewe.

"Huyu simu haitamgusa," aliapa, akashika kalamu. Alimkumbuka vizuri: vidole vilivyobabuka kwa mafuta makali ya maganda ya korosho alizobangua ili yeye asome. Lakini mkono ukaandika: Marehemu alikuwa nguzo ya familia, mcha Mungu, mpenda watu. Akakata. Akaanza upya, yakaja yaleyale. Vile vidole aliviona, ila sentensi ya kuvibeba hakuipata. Asubuhi nzima ikaishia hapo, hadi jeneza likatolewa nje.

Akasimama, akasoma nguzo ya familia. Waombolezaji wakatikisa vichwa, kama walivyotikisa kwa wasifu wa Mzee Cecil wiki iliyopita, na kwa Mama Queen kabla yake.

Walipotoka makaburini, dada yake Regina, macho yamevimba, alimshika mkono.

"Kaka," akauliza, "leo tumemzika nani?"