Nisalimie Haina Wasiwasi

Kinyozi alikuwa amemaliza upande wa kushoto alipozima mashine, akaupuliza utosi wa mteja wake na kusema, "Bosi, hapa kuna ua. Nikate, au unafuga?"

Mteja alikuwa afisa wa mimea, mtu wa ofisini, tumbo mbele, kalamu mfukoni. Alijitazama kwenye kioo. Juu ya sikio la kulia lilikuwa limechanua ua dogo la manjano, na nyuma yake machipukizi mengine yakijiandaa. Alilitambua papo hapo. Ilikuwa nisalimie, ua la porini lililopewa jina hilo kwa kuwa upepo ukipita huinamisha kichwa kama mtu mwenye adabu.

"Kata," alisema.

Kinyozi akakata. Kufikia saa ya chai yalikuwa yameota tena, safari hii kichwa kizima.

Wiki iliyotangulia, afisa huyo alikuwa ametia sahihi taarifa ya mwaka kwamba nisalimie iko kila mahali na haina wasiwasi wowote wa kutoweka. Alitia sahihi kama miaka yote, bila kunyanyuka kitini, maana nani asiyeijua nisalimie? Ni sawa na kutumwa ukahakikishe kama vumbi bado lipo.

Mkewe alipomwona mlangoni hakupiga kelele. Alikwenda kuleta jagi la maji.

"Nilikwambia uende ukaangalie," alisema, akimmwagia taratibu huku amemkinga shingo kwa taulo. "Tangu watoto walipokuwa wadogo sijaona nisalimie hata moja. Ukasema macho yangu ndiyo mabovu."

"Maji yanaingia sikioni."

"Inama basi. Na ukilala usilalie ubavu huo, utayavunja maua."

Mama mkwe, aliyeishi nao na asiyekuwa na tabia ya kumsifu, alisema angalau sasa mkwe wake ananukia.

Kesho yake afisa alikwenda kuangalia, kwa miguu, nyuki wakimfuata nyuma. Uwanja wa shule ulikuwa umesakafiwa. Mtaro wa barabara kuu, ambamo zamani nisalimie zilijazana mpaka zikaziba maji, ulikuwa zege tupu. Bondeni palikuwa na ghala, na mlinzi wake alipoulizwa kuhusu maua alisema yapo, akaonyesha ya plastiki pale mapokezi. Njiani watu waliona vichwa vya manjano vikiinama, wakaitikia kwa ukunjufu: "Salama, mzee! Nyumbani hawajambo?" Ikambidi ajibu kwamba hawajambo, mtaa baada ya mtaa, mpaka sauti ikamkauka.

Jioni alizikuta, nyuma ya zahanati, kiwanja kimoja cha nisalimie za ardhini, zimepauka kwa vumbi lakini zinaishi. Aliketi katikati yake. Aliona aibu, kama mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa ambaye yeye mwenyewe alishamtangaza mzima. Pembeni lilikuwa limeegeshwa tingatinga. Dereva wake alimweleza kwamba Jumatatu wanaanza kujenga maegesho ya magari. Kibali kipo, kwa sababu mtaalamu alisema hapo hakuna mmea wa kuhangaikia.

"Mtaalamu gani?"

"Sijui, mzee. Wa huko ofisini."

Asubuhi afisa aliingia kwa mkurugenzi wake, mama mmoja aliyening'iniza miwani kifuani.

"Mama, nilikosea. Nisalimie inatoweka. Imebaki kiwanja kimoja na kichwa changu. Naomba tuseme iko hatarini, kabla ya Jumatatu."

Mkurugenzi alivaa miwani, akazunguka meza, akamkagua kichwa mbele na nyuma.

"Mbona inachanua vizuri tu?"

"Inachanua, mama."

"Na wewe ukitumwa wilayani, unakwenda?"

"Nakwenda."

"Basi iko wilaya zote," alisema, akarudi kitini. "Usinipandishe presha bure."

Jumatatu afisa alisimama mbele ya tingatinga. Dereva alishuka, akamsalimia, akamshika mkono na kumvusha upande wa pili wa barabara kwa upole, kama anavyovushwa mzee wa mtu. Kisha akarudi kazini. Kufikia alasiri kiwanja kilikuwa tambarare.

Kuanzia hapo afisa alitumwa kila wilaya. Kila alikopita wananchi walipiga simu kuripoti kwamba wameiona nisalimie, sokoni, benki, foleni ya vipimo, na ramani ukutani kwa mkurugenzi ikajaa nukta za manjano. Taarifa mpya ilipotoka ilisema nisalimie haina wasiwasi, na tena inaongezeka. Afisa aliomba likizo, akanyimwa. Akikaa nyumbani, walimwambia ofisini, nisalimie ingeonekana imepungua.

Mkewe alimfungashia chupa mbili za maji, moja ya kunywa, moja ya kichwa, akamsindikiza mpaka stendi. Basi lilikuwa na nafasi. Afisa aliviacha viti vyote vya kivulini, akaenda kuketi dirishani, upande wa jua.