Mashavu ya Elrathia

Ijumaa mchana nilikuwa peke yangu katika maabara ya chuo, nimeshika kiganjani kisukuku cha Elrathia, mabaki yaliyogeuka jiwe. Hiyo ni jenasi ya trilobiti, viumbe wa baharini waliokwisha kutoweka, jamaa wa mbali wa kaa. Nilitakiwa kuandika kibandiko chake: oda, jenasi, halafu sehemu za mwili. Kichwa na mashavu yake mawili, kifua chenye pingili kumi na tatu, mkia mfupi, na matuta matatu ya urefu yaliyoupa ukoo mzima jina.

Kope zilikuwa nzito. Tangu kaka yangu Lameck apotee Mtera sikuwa napata usingizi. Wavuvi walikuta shati lake juu ya jiwe kando ya bwawa, basi. Kesho, Jumamosi, baba mkubwa Methusela alitaka tulizike shati hilo, matanga yaishe, watu warudi mashambani.

Nje upepo ulisukuma vumbi, na vumbi likawa maji. Bahari ilifunika mtaa wa Makole polepole, mabati yakawa chini yangu. Elrathia alitambaa juu ya paa la nyumba niliyopanga, akasimama. Mishono ya kichwa chake ikafumuka, mashavu yakaachana, naye akatoka laini, mweupe, akaenda zake bila kugeuka.

Nilipozinduka niliangalia jiwe tena. Mashavu hayakuwepo. Nilichoshika hakikuwa maiti, kilikuwa gamba lililovuliwa.

Jumamosi kijijini, shati lilikuwa limetandazwa mkekani, kando ya shimo. Niliomba nilione. Vifungo vyote vilikuwa vimefunguliwa, hakuna kilichong'oka.

"Alilivua mwenyewe," nilisema.

Baba mkubwa akanijibu kwamba hata anayekwenda kuoga huvua shati, na msomi mzima nilipaswa kulijua hilo. Alisema kweli, na nilimchukia kwa kusema kweli.

Nilimgeukia mama, nikamweleza habari za yule kiumbe. Akishavua gamba anabaki laini, anajificha mpaka jipya likauke. Wengine huliwa kabla halijakauka. Hilo nalo sikumficha.

 Mama aliinama, akaliokota shati, akalikung'uta vumbi.

"Basi atakuwa anasikia baridi," alisema.

Akalikunja, akalikumbatia, akashika njia ya nyumbani. Baba mkubwa tukamwacha na shimo lake.