Kufuli Halimo Kwenye Orodha

Jumanne ya pili ya mwezi wa tatu, saa tano na dakika kumi asubuhi, Phelesia alikuwa ameinama akigeuza omena, dagaa wa ziwani, juu ya wavu, nyumbani kwake Kisegi. Msichana mwenye fulana ya bluu na tableti mkononi alisimama langoni akauliza kama hapa ndipo boma la tano kutoka poshomili ya kusagia mahindi, ukishika mkono wa kushoto.

"Inategemea kama umehesabu la mchungaji," Phelesia akasema. "Yeye hupenda kuhesabiwa wa kwanza."

Msichana aliitwa Lynnet, alitoka Awendo, na kampuni yake ilikuwa ikiuliza watu watampa nani kura ya ugavana mwaka ujao. Tableti ilitaka mtu mzima mmoja tu kwa kila boma, yule ambaye siku yake ya kuzaliwa ndiyo inayofuata. Hapo kazi ikakwama kidogo. Phelesia alizaliwa tarehe moja Januari. Rispa, mke mwenzake mkubwa, naye alizaliwa tarehe moja Januari, kama wazee wote wa Kisegi ambao siku ya kuandikisha kitambulisho hawakuwa na tarehe ya kumpa karani. Trizah, mke wa mwana wa Phelesia, alikuwa na tarehe yake halisi, ila ilikuwa imepita wiki iliyotangulia, na hata hivyo alikuwa amelala ndani kwa ubavu, mimba ya miezi minane ikimsukuma mbavu. Lynnet akaiuliza tableti. Tableti ikamchagua Phelesia.

"Kila kitu Phelesia," Rispa akasema kutoka mlangoni kwake, ng'ambo ya uwanja. "Hata marehemu mume wetu alianza hivyohivyo."

Phelesia alijibu maswali akiwa amekaa kwenye benchi. Kutoka sifuri hadi kumi, ana hakika kiasi gani kwamba atapiga kura? Kumi. Hajawahi kukosa, hata mwaka ule mto ulipofurika akavuka na viatu kichwani. Atampa nani? Alitaja jina, si la kuandikwa hapa, kura ni siri. Ni shida gani kubwa kuliko zote inayowakabili watu wa kaunti hii?

"Kufuli," akasema.

Lynnet alipitisha kidole kwenye kioo toka juu hadi chini. Kulikuwa na barabara, ajira, gharama ya maisha, maji, usalama, ufisadi na afya.

"Niweke afya, mama?"

"Afya tunayo. Iko nyuma ya soko, ina mabati ya bluu. Sema kufuli."

Basi ikabidi Lynnet aelezwe. Zahanati ya Kisegi ilijengewa wodi ya uzazi miaka mitatu iliyopita. Ilipakwa rangi, ikawekwa vitanda sita ambavyo vilikuwa bado ndani ya nailoni yake, ikatiwa kufuli kubwa la shaba, ufunguo ukapelekwa makao makuu ya kaunti ili usipotee kabla ya siku ya ufunguzi. Mara tatu nyasi zilikatwa, hema likasimamishwa, wamama wa kwaya wakashona sare, na mara tatu mheshimiwa gavana akapata udhuru. Wanawake waliendelea kwenda hospitali ya mbali, kilomita kumi na tisa. Mwaka juzi Trizah alikwenda kwa pikipiki kumzaa mtoto wake wa kwanza. Alijifungulia kando ya barabara kilomita nane kabla ya kufika, na mtoto yule hakufika.

Lynnet alisikiliza kwa muda ambao tableti iliruhusu. Kisha akagusa neno la mwisho kwenye orodha: Mengineyo.

"Pole, mama. Lakini usione ni jibu dogo. Kwa hesabu yetu, wewe unasimama badala ya wapiga kura elfu moja mia moja na arobaini."

"Wanajua?"

"Hawajui."

"Haya. Na mimi sikuulizwa kama nina nafasi."

Kesho yake Phelesia aliamka akiwa watu elfu moja mia moja na arobaini. Kwa sura alikuwa yuleyule, mwembamba, na pengo la jino mbele. Lakini alipotoka kwenda choo, vumbi la uwanja lilibaki na nyayo za watu wengi, wengine wa viatu, wengine wa miguu mitupu, mmoja wa gongo. Kiganja chake kilinuka miwa, kwa sababu wengi wao walikuwa wakata miwa. Alipokohoa, mbwa wa maboma matatu walibweka.

Rispa alizitazama nyayo. "Kumbe wewe ni elfu moja," akasema, "na bado uwanja haujafagiliwa."

Watu walizoea upesi. Kisimani walimwomba apange foleni mwisho, maana akipanga mbele wengine watachota kesho. Kanisani alipoimba sauti ya pili, mabati yalilegea misumari, na mchungaji akamwomba awe anasoma tu maneno kimoyomoyo. Kila Ijumaa jioni aliyumbayumba kidogo akitembea, yeye ambaye hajaonja pombe tangu aokoke. Ni kwamba ndani mwake mlikuwa na mzee Maroa wa huko mpakani, ambaye Ijumaa ilikuwa siku yake. Bravin wa bodaboda alikataa kumpakia.

"Mathe, mimi hubeba wawili. Watatu tukibanwa sana," akasema. "Elfu moja na mia, hiyo ni kesi."

Phelesia alipiga simu nambari iliyokuwa kwenye kikaratasi cha Lynnet. Akajibiwa na msimamizi, bwana mmoja Monari, mwenye sauti ya mtu anayekula.

"Hilo hutokea, mama. Kuna mzee wa Migori alikuwa elfu mbili, alizoea. Halafu usiwe na wasiwasi ukiona wanapungua au kuongezeka thelathini na wanne hivi. Hilo ni kosa linalokubalika kwenye hesabu."

"Na wale wenye mimba?"

"Wangapi?"

"Kumi na tisa. Nimewahisi wote."

"Wako ndani ya kiwango," Monari akasema.

Matokeo yalisomwa redioni Jumatatu ya mwisho ya mwezi. Mgombea mmoja alikuwa na asilimia arobaini na moja, mwingine thelathini na nane. Wachambuzi walibishana saa nzima juu ya zile tatu katikati. Kuhusu shida za wananchi walisoma haraka, barabara hivi, ajira hivi, na mengineyo, asilimia mbili. "Hayo mengineyo ni ya wasiojua wanachotaka," mtangazaji akasema, wakacheka, wakaweka wimbo. Phelesia aliizima redio kwa kidole kimoja na kitufe kikaingia ndani kabisa.

Siku nne baadaye alikuja Gordon. Gordon alikuwa kijana wa Kisegi aliyekuwa akimpangia mheshimiwa mikutano, na alivaa saa mbili, moja kila mkono. Alimwinamia Phelesia kwa heshima.

"Mama yetu, tumesikia habari zako. Jumamosi mkubwa anakuja uwanja wa shule. Watu siku hizi ni wagumu kutoka. Lakini wewe ukisimama pale peke yako, uwanja umejaa."

"Atakuja na ufunguo?"

"Ufunguo anao yeye mwenyewe."

"Basi nitakuja."

Gordon alimpa fulana moja yenye picha na chupa moja ya soda.

"Mgawane," Rispa akasema.

Jumamosi Phelesia alisimama katikati ya uwanja akiwa na kanga yake ya kanisani, na uwanja ulijaa hadi kwenye magoli. Walirusha kamera ya angani, na picha zikaonyesha umati ambao haujaonekana Kisegi tangu uhuru. Ukizitazama kwa makini ungemwona mwanamke mmoja ameshika soda, lakini nani hutazama picha za mkutano kwa makini?

Mheshimiwa alipanda jukwaani. Alisifu umati. Alisema amesikia kuna habari ya kufuli.

"Mnataka lifunguliwe?"

"Ndiyo," Phelesia akasema, na kioo cha mbele cha gari la mheshimiwa kikapata ufa.

Mheshimiwa alifurahi. Alipiga mfuko wa koti lake mara mbili, na ufunguo ukalia humo. "Huu hapa," akasema. "Mkinirudisha kitini mwaka ujao, kazi yangu ya kwanza ni kuja kukata utepe. Msiponirudisha, basi mtamwomba huyo mtakayemchagua. Nyinyi si wajinga."

Phelesia aliyasikia hayo kwa masikio elfu mbili mia mbili na themanini, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba alisikia vibaya. Mwaka ujao ulikuwa na miezi yake. Mimba ya Trizah ilikuwa imebakiza wiki mbili.

Haikuwa nazo zote mbili. Alhamisi, saa nane na nusu mchana, Trizah alitoka ndani ameshika kiuno, akasema, "Mama, chupa ya uzazi imepasuka." Mumewe, Otieno, alikuwa visiwani akivua. Bravin alikuja mbio kwa pikipiki, akavua kofia, akasimama.

"Mvua ya jana imebeba daraja. Hata ng'ombe hawavuki. Labda tuzunguke, ni mwendo wa saa tatu."

Trizah alimtazama mkwewe. Alikuwa na jicho la mtu anayeikumbuka barabara ile, kilomita baada ya kilomita.

"Tunaenda sokoni," Phelesia akasema.

Walitembea, Phelesia mbele, Trizah katikati akiegemea Rispa, Bravin nyuma akisukuma pikipiki bila sababu. Nesi wa zahanati aliwaona, akawafuata na glavu mkononi, akieleza njiani kwamba yeye hana ufunguo, hajawahi kuushika, na amri ni kwamba mtu asiiguse wodi ile.

"Huna haja ya kuigusa," Rispa akamwambia.

Phelesia aliweka kiganja kimoja juu ya mlango. Hakusukuma. Waliosukuma ni waliokuwa nyuma yake. Kufuli halikuvunjika, lilikuwa kufuli zuri. Ni mlango uliotoka, pamoja na fremu, pamoja na bawaba na matofali manne, ukalala ndani polepole. Ndani mlikuwa na harufu ya rangi ya miaka mitatu. Trizah alipanda kitanda cha kwanza bila kungoja nailoni itolewe, na saa kumi kasorobo akazaa mtoto wa kike, kilo tatu na robo, mwenye sauti. Phelesia aliketi sakafuni. Watu wote waliokuwa ndani mwake walinyamaza wamsikie, hata Maroa.

Nesi alitoa fomu ya kuzaliwa. Penye mahali pa kuzaliwa aliandika Nyumbani.

"Nyumbani gani?" Phelesia akauliza. "Mtoto ameanguka mikononi mwako, hapa."

"Mama, hii wodi bado haijafunguliwa. Mahali ambapo hapajafunguliwa hapawezi kuzaliwa mtu."

Asubuhi iliyofuata, Trizah na mtoto wakiwa wameshaondolewa kitandani ili vitanda virudishwe kuwa sita vipya, chifu alifika na karatasi.

"Waliovunja mlango walikuwa wangapi?"

"Elfu moja mia moja na arobaini."

Chifu alitazama fomu. "Hapa kuna mstari mmoja. Nakuandika wewe."

"Jumamosi uwanjani mlituhesabu wote."

"Jumamosi ilikuwa siasa, Nyar Rusinga," chifu akasema kwa upole, maana Phelesia aliolewa kutoka Rusinga na chifu alikuwa mtu mwenye adabu. "Hii ni serikali."

Kortini alipewa adhabu ya kufagia uwanja wa zahanati siku thelathini. Kazi yote ya siku thelathini aliimaliza siku ya kwanza kabla ya chai, lakini sheria haikuwa na mahali pa kuandika hilo, kwa hiyo alikuja kila siku akafagia palipokwisha kufagiliwa. Kutoka pale aliona mlango mpya ukiletwa. Kwa miaka mitatu ufunguo unaoenea mfukoni ulikosa gari la kuuleta Kisegi. Mlango wa chuma wa kubebwa na mikono minane ulipata lori siku ya pili, na mafundi wanne, na askari wa kuwalinda. Waliuweka, wakautia kufuli, wakarudi nyuma kuutazama, kisha mmoja wao akaongeza kufuli la pili.

Mwezi wa sita Lynnet alirudi. Awamu hii, alieleza, wanawauliza walewale wa kwanza, ili waone kama wananchi wamebadili mawazo. Alimkuta Phelesia kwenye benchi, mjukuu amelala mapajani, omena juani. Alizikanyaga nyayo zile nyingi za uwanjani kwa uangalifu, kama mtu anayepita katikati ya wageni.

Kutoka sifuri hadi kumi? Kumi. Atampa nani? Phelesia akamwambia. Ni shida gani kubwa kuliko zote?

"Kufuli," Phelesia akasema. "Safari hii weka mawili."

Lynnet alipitisha kidole toka juu hadi chini, taratibu kuliko mara ya kwanza. Orodha ilikuwa ileile. Alikaa amekishikilia kidole hewani mpaka kioo kikaanza kufifia, ndipo akagusa Mengineyo.

"Mama, kuna jambo jingine," akasema bila kuinua macho. "Wamejiandikisha wapiga kura wapya. Hesabu yako imepanda. Sasa unasimama badala ya elfu moja mia tatu na kumi na mbili."

"Haya," Phelesia akasema, akasogea hadi mwisho wa benchi, maana hao mia moja sabini na wawili walikuwa wameshaanza kuingia. Waliingia kwa adabu, mmoja mmoja, vijana wengi, wengine wakiwa na shule bado kwenye nguo. Wa mwisho alikuwa msichana aliyeingia polepole, akishika kiuno. Phelesia aliweka mkono juu ya tumbo lake mwenyewe, akangoja, mpaka akahisi teke.

"Miezi mingapi?" Rispa akauliza kutoka mlangoni kwake.

"Saba," Phelesia akasema, na Rispa akaingia ndani kutafuta viatu vya kwendea wodini.