Sahani ya Maua

...niliona yote kwa macho yangu mawili, sikusimuliwa na mtu, ndivyo nitakavyoanza wiki ijayo nikifungua duka, nikishasema hivyo ninyamaze kidogo wameze mate, ndipo niwaletee fahali, mweusi, wanaume wazima wameshindwa naye mpaka nikaja mimi Degife nikamkamata sikio... sikio au pua, pua, sikio Nuri hataamini, fundi cherehani yule hata suruali aliyoishona mwenyewe haiamini... nao wako hapo nje, kinachotutenga ni bati tu, mimi nimelala chali juu ya marobota ya kandambili, nimejifungia ndani ya duka langu kama mwizi, jua la mchana linapenya kwenye matundu ya misumari, Zenebech muuza kahawa anakaanga buni mlangoni pangu kama kila siku, moshi unanipalia, usikohoe Degife, ukikohoa umekwisha, nusu ya soko la Merkato ilikuaga juzi, ukawapungia mkono dirishani kama waziri, basi lilipokata kona ukashuka ukarudi kwa uchochoro wa nyuma, na Mgurage gani anabaki mjini sikukuu ya Meskel, hata kiwete hubebwa akaenda kwao... "Saa hizi yule samli imemfika masikioni," huyo Nuri, "akitaka kucheka taya zinateleza." "Mwache ale," Zenebech huyo, "kwao wanampenda." Wananipenda, ndiyo, mwaka jana walinipenda mpaka wakanipa kiti, kiti chenye mgongo, ndugu zangu wenyewe wamekaa chini wamelizunguka jani la mgomba, kitfo imelundikwa juu yake, nyama mbichi inang'aa samli, mikono inagongana humo kama tulipokuwa wadogo, mkono wangu nao ukaanza kwenda wenyewe, mke wa kaka akaudaka, "Aa, shemeji, wewe mgeni wetu, usijichafue," akanipa sahani, ya maua, na uma, na mama, mama aliyenizaa, akaniuliza kwa Kiamhara cha mjini, cha kuungaunga, kama chakula chao nitakiweza, maneno aliyofundishwa asubuhi ile kwa ajili yangu, nikamjibu kwa lugha yetu, watoto wakaangua kicheko, eti naongea kama mtu wa redio... nikala, nikasifu, nikacheka kuliko wote, mkataa kwao mtumwa, haya, na anayekataliwa kwa sahani ya maua yeye ni nani... nikarudi huku nikawasimulia hawa jinsi tulivyogombania jani moja na kaka zangu, tukapigana viganja, mama akanisogezea upande wenye samli nyingi, Zenebech akafuta machozi kwa ncha ya shuka... koo linawasha, meza mate, meza... "Nuri, inuka hapo." "Kigoda tu hiki, dada." "Cha Degife hicho." "Degife yuko kwao Cheha, na matako yake yako Cheha." "Hata kama yako mbinguni. Kalia ndoo." Ndoo imegongwa chini, Nuri ananung'unika, kama mfalme amepinduliwa, lakini amekaa, na kigoda sasa kitupu, nakijua kilipo, pale kwenye nguzo, mguu wake mmoja mfupi nimeutilia kigae, kitupu kinanisubiri mimi niliyewaaga kwa uongo, uso unaniwaka kuliko kikaango cha buni, ile ya sahani ilikuwa aibu ya kupewa, hii nimeipika mwenyewe nikaipakua... na mwaka mzima nililia Cheha, Cheha, nikiwa nimekalia kigoda hicho hicho, nikinywa kahawa yake... sasa anamimina, birika linagusa kikombe, kwanza cha Nuri, kisha chake, kisha... kikombe cha tatu hicho, cha nani, wako wawili... "Kinapoa bure," Nuri anasema. "Kipoe," anasema Zenebech... usikohoe... wiki ijayo, la, kesho, nitaketi pale, nitaanza vile vile, niliona yote kwa macho yangu mawili, na kweli niliona, samli niliiona, mikono ikigongana niliiona, mama nilimwona, fahali naye mtaniachia, kila mtu ana fahali wake, ila lile jani, Zenebech, lile la mimi kula kwenye jani nililitunga, mimi nilipewa sahani.